Mgeni Aliyetangulia Siku Zake

Historia tuliyozoea kusomeshwa ni historia ya wafalme, vita na mikataba. Msomaji, wajua bila shaka kwamba katika Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, na pengine umeonyeshwa mahali penyewe. Lakini iko historia nyingine ambayo haikupigiwa tarumbeta, nayo ilipita ndani ya nyumba za vilima vile vile, kutoka Kisii hata Nyamira. Hiyo ni historia ya mtoto aliyezaliwa kabla miezi yake haijatimia, na ya chakula alichotiwa kinywani. Majina ya baadhi ya walioanguka katika vita vya 1914 yameandikwa; ya watoto hawa hayakuandikwa na mtu.

Yafaa kwanza tumjue mwenyewe. Mimba ya mwanadamu huchukua wiki 40 hivi, na mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Ndugu zetu wa Tanzania siku hizi humwita njiti, kwa mfano wa kile kijiti chembamba cha kiberiti. Ni jina lenye mzaha kidogo, lakini aliyepata kumwona mtoto wa kilo moja na nusu hatalikataa. Huja mapema kwa sababu nyingi: kwa kuwa ni pacha, au mama ana shinikizo la damu, au ameshikwa na malaria, maradhi ambayo nyanda za juu za Kisii ziliyaonja kwa uchungu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mara nyingi hata sababu haionekani.

Miezi ya mwisho ya mimba ndiyo miezi ya kuweka akiba. Mtoto huweka mafuta chini ya ngozi, huweka madini ya chuma katika ini, na hujifunza kazi ambayo sisi twaidharau kwa kuwa twaifanya bila kufikiri: kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu, kimoja kisigongane na kingine. Kazi hiyo haimkai vema mpaka karibu na wiki ya 34. Basi aliyekuja katika wiki ya 31 ni kama msafiri aliyetolewa nyumbani kabla masurufu yake hayajafungwa. Ahitaji chakula kuliko mtoto mwingine yeyote, wala hajui kula.

Wazee wa Kisii walifanyaje? Twabahatika kuwa na ushahidi ulioandikwa. Kati ya 1955 na 1957 Robert LeVine na mkewe Barbara, wataalamu wa mila kutoka Marekani, walikaa miongoni mwa Wakisii, na habari zao za jamii waliyoiita Nyansongo zikatolewa katika kitabu mwaka 1966. Waliandika kwamba mtoto mchanga hakuachiwa maziwa ya mama peke yake. Tangu siku zake za mwanzo aliongezewa uji wa wimbi. Mama alikunja kiganja chake kikawa kama bakuli, akakiweka chini ya mdomo wa chini wa mtoto, akamimina uji. Mtoto akikataa, alibanwa pua, na kwa kuwa hana budi kuvuta pumzi kwa kinywa, uji ukapita.

Usicheke, msomaji, wala usikasirike upesi. Wimbi lilikuwa nafaka ya heshima katika nchi ile kabla mahindi hayajaipokonya mashamba. Lilikaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu, na lilikuwa chakula cha wageni na cha sherehe. Kumpa mtoto wimbi kulikuwa ni kumpa kilicho bora nyumbani, na mama aliyefanya hivyo alifanya kwa mapenzi na kwa hofu ya njaa. Tena si kila walichokifanya wazee kilikuwa na hatari. Mzazi alilishwa chinsaga, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mgagani, apate nguvu baada ya kujifungua. Na mtoto alilala na mama yake usiku kucha, mwili kwa mwili. Kumbuka jambo hilo la kulala, maana tutalikuta tena mbali sana na Kisii.

Lakini kwa mtoto aliyetangulia siku zake kiganja kile kilikuwa hatari. Mtoto aliyetimia hupaliwa, hukohoa, akaishi. Huyu mwingine hana nguvu za kukohoa. Uji huingia mapafuni naye akanyamaza. Hata ukipita salama, utumbo wake ni mwembamba kuupokea, maji uliopikiwa yaweza kuwa na vijidudu, na tumbo dogo lililojazwa uji halina nafasi tena ya maziwa, ambayo ndiyo yenye mafuta na kinga anayoihitaji. Hivyo mtoto aliweza kufa kwa kulishwa, na nyumba ikaamini kwamba amekufa kwa sababu hakulishwa vya kutosha.

Hospitali ya Kisii ilianza mwaka 1916, katika siku za Vita Vikuu vya Kwanza, na wamisionari walikuwa wamefika kabla yake, Wakatoliki huko Nyabururu na Waadventista huko Nyanchwa. Hata hivyo kwa muda mrefu wanawake wengi walizalia nyumbani, na elimu ya mtoto asiyetimia ilikuwa ikikua mahali pengine. Twende huko kidogo.

Mwaka 1880 hivi, katika mji wa Paris, daktari mmoja jina lake Étienne Stéphane Tarnier aliona kule bustani ya wanyama sanduku la kuangulia vifaranga kwa joto, akawaza: kama joto lile lalea kifaranga, kwa nini lisilee mtoto? Akatengenezewa sanduku la joto kwa ajili ya hospitali yake ya wazazi. Watoto waliokuwa wakifa kwa baridi wakaanza kupona. Dunia ikastaajabu, hata ikafika mahali masanduku yenye watoto ndani yakaonyeshwa kwa kiingilio. Huko Coney Island, Marekani, Martin Couney alifanya maonyesho hayo tangu 1903 hata 1943. Watu walilipa kuwatazama watoto kama watazamavyo samaki katika kioo, na fedha zile zikalipia matunzo yao. Nionavyo mimi, hapo ndipo sanduku lilipoanza kumpita mama kwa sifa.

Mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, aliliona kosa hilo mapema. Aligundua kwamba mtoto aliyeokolewa na sanduku huweza kurudishwa nyumbani akafa huko kwa kulishwa vibaya. Na kwamba mama aliyetenganishwa na mwanawe majuma mengi hupoteza maziwa, na pengine hupoteza hata hamu ya mtoto mwenyewe. Basi mwaka 1892, katika hospitali ya Charité, alifungua baraza la akina mama waliokwisha kutoka hospitali. Walirudi na watoto wao kwa siku maalum, watoto wakapimwa uzito, na mama akashauriwa juu ya kunyonyesha. Kwa macho ya leo ni jambo dogo, ni kliniki tu. Lakini kabla yake madaktari wengi walidhani kazi yao huishia mlangoni pa hospitali.

Baadaye kukaja jaribu jingine, nalo lilikuja likiwa limevaa vizuri. Maziwa ya unga katika kopo, pamoja na chupa yenye chuchu ya mpira, yalitangazwa kote duniani kuwa ndiyo chakula cha mtoto wa kisasa. Katika Afrika Mashariki yalitangazwa redioni na katika picha za watoto wanene wenye kucheka. Mtu wa mjini mwenye maji safi, jiko na fedha aliweza kuyatumia. Mama wa kijijini aliyanunua kopo moja kwa fedha ya kahawa, akayazimua kwa maji mengi yapate kufika mwisho wa mwezi, na chupa akaiosha kwa maji ya mto. Daktari Cicely Williams alikwisha kupiga kelele juu ya jambo hili huko Singapore mwaka 1939. Haikuwa mpaka 1974, kilipochapishwa Uingereza kijitabu cha kuyashitaki makampuni, ndipo dunia ikasikia. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo. Kenya ikatunga zake mwaka 1983, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria kamili.

Kwa mtoto asiyetimia madhara ya kopo ni makubwa zaidi, kwa kuwa maziwa hayo humwongezea hatari ya ugonjwa wa utumbo uwezao kumwua kwa siku chache. Na maumbile yamefanya ajabu hapa: mama aliyejifungua mapema hutoa, katika majuma ya kwanza, maziwa yenye protini nyingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi. Yale ya kwanza kabisa, mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a, ambayo katika nchi nyingi yalimwagwa kwa kudhaniwa ni machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza.

Sasa turudi kwenye lile jambo la kulala mwili kwa mwili. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na masanduku machache na watoto wengi. Wawili au watatu walilazwa katika sanduku moja, wakaambukizana maradhi, na baadhi ya akina mama hawakurudi tena kuwachukua. Yeye akaamua kumrudisha mtoto kifuani kwa mama, uchi ila kofia na nepi, akafungwa kwa nguo katikati ya matiti kama kangaruu abebavyo mwanawe. Alishe maziwa ya mama tu, na aruhusiwe kwenda nyumbani mapema, mradi arudi kupimwa. Wakubwa wa utabibu wengi waliliita jambo la maskini. Mwaka 1988 lilianza kujaribiwa katika hospitali ya misheni ya Manama nchini Zimbabwe, mahali pasipokuwa na masanduku, na uhai wa watoto walio chini ya kilo moja na nusu ukapanda kutoka mmoja katika kumi hata watano katika kumi. Mwishowe utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulitangazwa mwaka 2021. Watoto zaidi ya 3,000 wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 walihusika. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100. Waliongojea kwanza hata watengemae walikufa karibu 16. Mama wa Nyansongo aliyelala na mwanawe hakuwa mjinga, basi. Alichokuwa nacho kilikuwa nusu ya dawa.

Nusu ya pili ni kulisha, na hapa kuna jambo ambalo napenda ulitazame kwa makini. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 hospitali za Kenya zilikuwa zimekwisha kuanza kuiacha chupa na kuwalisha watoto wadogo kwa kikombe. Mwaka 1987 jarida moja la wataalamu wa unyonyeshaji lilichapisha habari za maendeleo hayo ya Kenya. Kikombe ni kidogo, kama kile cha kupimia dawa. Mtoto huketishwa karibu wima mapajani, na ukingo wa kikombe huwekwa juu ya mdomo wake wa chini. Maziwa huinamishwa mpaka yaguse mdomo, basi. Hayamiminwi. Mtoto huyanusa, hutoa ulimi, huyaramba kama paka, hupumzika, huvuta pumzi, huanza tena.

Linganisha na kiganja cha zamani. Mahali ni pale pale, mdomo wa chini. Chombo karibu ni kile kile, kiganja kilichokunjwa na kikombe kidogo. Tofauti ni moja tu: ni nani aamuaye wakati wa kumeza. Katika kiganja aliamua mkubwa, na pua ikabanwa. Katika kikombe huamua mtoto wa kilo moja na nusu, na mkubwa hungoja. Kungoja huko kwaweza kuchukua nusu saa kwa mlo mmoja. Kwa mtu mwenye shughuli ni adhabu.

Na shughuli ndizo tatizo la nyumbani. Fanya hesabu pamoja nami. Mtoto wa kilo 1.6 huhitaji kwa siku mililita 160 au 180 za maziwa kwa kila kilo, yaani jumla karibu mililita 270. Akilishwa kila baada ya saa tatu ni milo minane, usiku na mchana, na kila mlo ni mililita 34 hivi: vijiko saba vya chai. Hakuna anayeweza kusema vijiko saba ni vingi. Lakini mama kwanza hujaribu kumnyonyesha, kisha hukamua kwa mkono, kisha hulisha kwa kikombe, kisha huosha na kuchemsha kikombe. Akimaliza, saa nyingine ya kulisha yakaribia. Saa nane ya usiku katika vilima vya Nyamira ni baridi, na kulala ni tamu. Mtoto mwenyewe halii kwa njaa kama wengine. Huyu akishikwa na njaa husinzia, na nyumba husema, mwacheni, ametulia. Asiyeamshwa aale hupungua.

Ongeza sasa kazi za mchana. Chai iliingia katika mashamba madogo ya Kisii katika miaka ya 1950 na kuenea sana baada ya uhuru, na chai haingoji. Majani yakifika wakati huchumwa. Mashamba yenyewe yamegawanywa na kugawanywa tena. Hesabu ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, katika nchi ambayo haikuongezeka hata shibiri moja. Mume pengine yuko Kericho au Nairobi. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama katika Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, nayo ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini Kisii. Mama aliyerudi kijijini na mtoto wake ana kisima kimoja tu, nacho ni kifua chake mwenyewe. Asipokula, asipolala na asipokamua, hukauka.

Ndiyo maana nasema swali si la mama peke yake. Zamani Wakisii walikuwa na omoreri, msichana wa nyumbani aliyepewa kumbeba mdogo wake mama akiwa shambani. Yaelekea wewe msomaji, kama wewe ni dada mkubwa, umekwisha kuifanya kazi hiyo bila kuitwa kwa jina hilo. Kazi ya kangaruu hairithiwi na mama tu. Baba aweza kumfunga mtoto kifuani, bibi aweza, na shangazi aweza, mama apate saa mbili za usingizi au apate kukamua kwa utulivu. Mikono ioshwe kwa sabuni, mwenye mafua akae mbali. Mvulana anayekwenda kuteka maji na kukata kuni bila kutumwa mara mbili ameongeza maziwa, ingawa hakuna atakayempongeza kwa hilo.

Kuna tena bibi na uji wake. Hapa pana haja ya adabu, kwa maana bibi ndiye mwenye nyumba, naye amelea wengi. Mwambie kwa upole kwamba siku ya uji itafika. Umri wa mtoto huyu huhesabiwa kwa namna mbili: tangu alipozaliwa, na tangu siku ambayo angepaswa kuzaliwa. Aliyetangulia miezi miwili, akitimiza miezi sita ya kuzaliwa, mwili wake waweza kuwa sawa na wa mtoto wa miezi minne. Mpaka wauguzi watakaposema amefikia, chakula chake ni maziwa ya mama, bila maji, bila chai, bila sukari, bila dawa za mitishamba. Kitu kinachoongezwa ni kile anachoandikiwa kliniki, kama matone ya madini ya chuma, kwa sababu ile akiba ya ini hakuiweka. Baadaye wimbi la bibi litapikwa, litiwe maziwa, lilishwe kwa kijiko, na mtoto atakaa mapajani mwake akinywa kwa hiari. Bibi akielezwa hivyo mara nyingi huwa mlinzi mkali kuliko muuguzi, na jirani atakayekuja na kopo au na kikombe cha uji atarudishwa mlangoni.

Hospitali nayo haikuachiwa kuishia mlangoni pake. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imewatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kutembelea nyumba, na mmoja wao akifika nyumbani kwenu ataomba kumwona mtoto, si kusikia habari zake. Na siku ya kliniki mama hushuka kilima na mtoto kifuani ndani ya shuka. Huvuliwa nguo, huwekwa katika mizani. Aongezeke gramu 15 kwa siku kwa kila kilo yake. Kwa huyu wetu wa kilo 1.6 ni gramu 24 hivi, uzito wa vijiko vitano au sita vya sukari. Muuguzi huandika tarakimu katika kijitabu, kama vile Budin alivyoandika Paris mwaka 1892, huuliza usiku alilishwa mara ngapi na nani aliyeamka, kisha humwandikia mama siku ya kurudi.